Wakuu, kwa nini picha za wanyama wa mbali hazikati hata kwa lenzi ya 600?

#1 MwanaKaratu
Habari za humu wakuu. Kuna jambo linanikosesha raha. Natumia lenzi ya milimita 150-600 kwenye bodi ya kamera yenye sensa ndogo. Wiki iliyopita tulishuka kreta ya Ngorongoro kupitia Seneto, tukampata faru mweusi upande wa pili wa Ziwa Magadi, kama kilomita moja hivi. Spidi 1/1600, tundu f/6.3, ISO 800, lenzi imelazwa kwenye mfuko wa maharage dirishani. Nimerudi nyumbani, picha zote za faru hazikati. Pembe haina ukingo, masikio yamevimba, miguu imepinda. Pundamilia aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye gari, kamera ileile na asubuhi ileile, unahesabu kope zake.

Nimeuliza watu, kila mmoja ana lake. Kabla sijaiuza lenzi hii nataka kujua ugonjwa ni nini hasa. Ahsanteni.

#2 FundiLenzi
Usiuze. Fokasi haijapimwa. Hizi zumu ndefu zinaweza kuwa sahihi karibu na zikakosea mbali, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wanakuruhusu kurekebisha kwa umbali tofauti tofauti kwenye lenzi ileile. Pundamilia alikuwa karibu, faru yuko mbali kabisa. Jibu lako liko hapo. Bodi yako ina kioo cha ndani, kile kinachopeleka picha kwenye kitafutio, au haina?

#3 DerevaMtoWaMbu
Mkuu ulikuwa huko saa ngapi? Mimi naendesha wageni kreta miaka mingi. Kuanzia saa nne asubuhi nawaambia wazi: faru wa ng'ambo mtamtazama kwa darubini, picha sahauni. Hayo ni mazigazi, yaleyale unayoyaona kwenye lami ya Makuyuni mchana ukidhani kuna maji mbele. Lenzi haina kosa.

#4 MwanaKaratu
@FundiLenzi bodi ina kioo, ni ya zamani kidogo.
@DerevaMtoWaMbu hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, nimevaa jaketi na kofia ya sufi. Mazigazi na baridi ile wapi na wapi?

#5 Mwalimu_wa_Mwanga
Naomba nimtetee dereva. Baridi si kinga. Mwanga hupinda unapovuka kutoka hewa ya joto moja kwenda hewa ya joto lingine, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi na mwanga hupita humo kwa kasi tofauti kidogo sana. Kwa hiyo halitakiwi joto kali, inatakiwa tofauti. Usiku mzima hewa ya baridi inashuka kutoka kingo za kreta, ambazo ziko kama mita 600 juu ya sakafu, inatulia chini. Jua likitoka linaanza kupasha ardhi, na pembezoni mwa Magadi pako wazi, hakuna mti. Hapo ardhi inapata joto huku hewa juu yake bado ya baridi. Mapovu ya hewa yanaanza kupanda, kila moja ni kilenzi kibaya kati yako na faru. Angalia ukutani nyuma ya jiko la mkaa linalowaka, utaona ukuta unacheza. Jiko lako wewe lilikuwa na urefu wa kilomita moja.

Na kadiri lenzi inavyokuza ndivyo inavyokuza na huo mchezo wa hewa.

#6 ZumuTu
Maelezo mazuri mwalimu ila mnaruka jambo la kwanza kabisa. Injini ilizimwa? 600 kwenye sensa ndogo ni kama 900, kutikisika kidogo tu kunakula kila kitu. Mfuko wa maharage ukiwa juu ya mlango wa gari linalonguruma unakuwa unapeleka mtetemo kwenye lenzi, tena vizuri sana.

#7 MwanaKaratu
Injini ilizimwa. Ila tulikuwa sita ndani, na kila mtu alisimama aliposikia neno faru.

#8 ZumuTu
Basi. Watu sita wakihama upande mmoja wa Land Cruiser, gari linayumba kwenye springi zake. Kesi imekwisha.

#9 Mwalimu_wa_Mwanga
Haijaisha bwana ZumuTu. Kwa 1/1600 gari kuyumba polepole kunakubadilishia fremu, hakukupi masikio yaliyovimba. Mtikisiko huacha alama za kwenda upande mmoja: nukta nyeupe inakuwa kamstari. Mleta uzi anasema miguu imepinda. Mtikisiko haupindi mguu wa faru ukauacha wa pili umenyooka.

#10 MamaNdege
Hamjambo. Swali la mwanamke anayepiga ndege tu: mbele ya lenzi umefunga kioo cha kinga? Vile vya bei nafuu vinaharibu picha kwenye lenzi ndefu kuliko mnavyodhani. Nilikitoa changu nikiwa napiga mnandi pale Ziwa Manyara, siku hiyohiyo nikaona tofauti kwenye manyoya.

#11 MwanaKaratu
Kipo mama. Nilipewa dukani pamoja na lenzi, kama zawadi.

#12 FundiLenzi
Zawadi hiyo itupe leo.

#13 Mwalimu_wa_Mwanga
Lakini pundamilia alipigwa kupitia kioo hichohicho na kope zinahesabika.

#14 MamaNdege
Mwalimu, muulize pundamilia alipigwa kwa zumu ngapi. Mnyama akiwa hatua chache hakai kwenye fremu ya 600.

#15 MwanaKaratu
Nimeangalia faili. Pundamilia ni 240, faru ni 600.

#16 FundiLenzi
Ahsante MamaNdege. Kwa hiyo hatulinganishi umbali tu, tunalinganisha na zumu pia. Lenzi nyingi za aina hii hulegea zikifika mwisho. Piga 500, funga tundu hadi f/8, uone.

#17 PotweKilindoni
Salaam kutoka Mafia. Mimi napiga papa potwe, hawa wakubwa wanaokuja upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Tatizo lako nalijua, kwangu liko majini. Potwe anafuata chakula, chakula chenyewe ni vijidudu vinavyoelea, kwa hiyo mahali penye potwe ndipo penye maji machafu. Ukiwasha flashi unamulika vijidudu vyote vilivyo kati yako na samaki. Ukikaa mbali, rangi nyekundu imeshamezwa na maji na samaki ni kivuli cha bluu.

Huku hakuna anayebishana kuhusu lenzi. Tunatumia lenzi pana na tunasubiri samaki apite karibu mwenyewe, bila kumfukuza wala kumgusa. Kilicho kati yako na mnyama hakiondolewi na pesa, kinapunguzwa na umbali.

#18 DerevaMtoWaMbu
@PotweKilindoni maneno mazito. Shida ni kwamba kreta hairuhusiwi kutoka barabarani. Faru akiwa mbali ni mbali, huwezi kumfuata. Ukiona gari limeacha njia ujue dereva huyo ana kesi getini. Ndutu huko watu wamekuwa wakiruhusiwa kutoka njiani msimu wa nyumbu kuzaa, kreta hapana.

#19 Nakuru_Mkongwe
Wadau, jirani yenu kutoka Kenya. Mbona hakuna mtu ametaja vumbi? Mmesema ni kando ya Magadi. Huko kuna unga wa magadi ukavu, upepo ukivuma kidogo tu uko hewani. Hiyo si mazigazi, ni chembe zinatawanya mwanga na kufanya picha iwe nyeupe nyeupe. Michael Nichols aliposhinda lile taji kubwa la picha za wanyamapori kule London 2014, wale simba jike juu ya mwamba Serengeti, alikuwa anapiga kwa infraredi. Infraredi inapenya ukungu. Jaribu hiyo.

#20 Mwalimu_wa_Mwanga
@Nakuru_Mkongwe picha unayoisema ni hiyo, na mwaka ni huo. Ila tutenganishe mambo mawili. Chembe za vumbi hutawanya mwanga, na kweli infraredi hutawanywa kidogo kuliko mwanga wa bluu, kwa hiyo milima ya mbali hujitokeza. Mazigazi si kutawanywa, ni kupindwa, na infraredi hupindwa karibu sawasawa na mwanga wa kawaida. Vumbi hupunguza ukali wa weusi na weupe, na hilo unaweza kulirudisha kwa kiasi kwenye kompyuta. Mguu uliopinda huwezi kuunyoosha. Na simba wale walikuwa karibu, Nichols hakuwa anapigana na kilomita moja ya hewa.

#21 Nakuru_Mkongwe
Sawa mwalimu, lakini mleta uzi hajasema kama weusi ulipungua. Asituambie miguu tu.

#22 MwanaKaratu
Ulipungua pia. Faru mweusi ametoka kijivu.

#23 Nakuru_Mkongwe
Nimemaliza 😀

#24 ZumuTu
Hamjamaliza chochote, sasa magonjwa yamekuwa sita. Nakuru heroe wamerudi au bado mko na maji tu?

#25 Nakuru_Mkongwe
Maji yalipanda miaka ile ya 2010 kuja juu, magadi yakazimuliwa, chakula chao kikapungua, wengi wakahamia Bogoria. Wanakuja na kuondoka. Ule ufuo wote wa pinki wa kalenda za zamani usiutegemee ukija na kamera. Na ujue pinki ile wanaipata kwa kula, rangi iko ndani ya mwani wa kijani-bluu wa maji ya magadi. Kinda la heroe ni kijivu. Ukitaka mazalia yao uje kwenu Natron, sisi Kenya tunawala kwa macho tu.

#26 KijanaWaMitego
Nyote mnahangaika na lenzi ndefu. Tegeni kamera ya mtego, mnyama ajipige mwenyewe kwa karibu. Ndivyo mpiga picha Will Burrard-Lucas alivyompata chui mweusi Laikipia, picha zikatoka 2019, wa kwanza kupigwa Afrika kwa miaka 100.

#27 Nakuru_Mkongwe
@KijanaWaMitego hapo kwenye "miaka 100" pole pole. Ilipotangazwa tu, Wakenya walionyesha picha ya chui mweusi iliyopigwa hukohuko Laikipia 2013 na mpiga picha wa gazeti la hapa nyumbani. Wengine wakasema ile haihesabiki. Mabishano hayakuisha. Lakini picha za Burrard-Lucas ni kazi safi: kamera yenye kihisi kando ya njia ya mnyama, flashi pembeni, na uvumilivu. Madoa ya chui unayaona ndani ya weusi.

#28 MamaNdege
Mtego ndani ya hifadhi ni mpaka upate kibali, kijana. Usije ukafunga kamera kwenye mti wa msitu wa Lerai kule kreta ukakutana na askari. Droni ndiyo usiijaribu kabisa.

#29 Shambalai
Nisamehe kwa kuingilia wakubwa. Mimi niko Muheza, napanda Amani, kwenye milima ya Usambara, kupiga vitu vidogo. Nasoma humu nasikitika kidogo. Kila picha ya asili ya nchi hii ni faru, simba, tembo. Amani kuna vinyonga wenye pembe mbili puani ambao hawako popote duniani nje ya milima hii, kuna vyura wa ukubwa wa kidole gumba, kuna ule urujuani wa Usambara ambao dunia nzima inaupanda kwenye vyungu vya dirishani na kwetu unaota wenyewe kwenye mwamba wenye kivuli. Hewa kati yako na kinyonga ni nusu mita. Mazigazi hayana nafasi.

Usiku ndiyo wakati wake. Kinyonga akilala anapauka, ukipitisha tochi kwenye majani anang'aa peke yake, hata aliye juu mtini unamwona.

#30 ZumuTu
Karibu sana Shambalai. Lakini kinyonga si hubadilika rangi kufanana na jani? Unamwonaje?

#31 Shambalai
Watu wengi wanaamini hivyo. Rangi inafuata zaidi hali yake: joto, hasira, woga, kutafuta jike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha 2015, kwa vinyonga wa Madagascar, kwamba kwenye ngozi kuna vifuwele vidogo sana, na akivitanua au kuvibana mwanga unaorudi unabadilika. Kwa mpiga picha hilo lina maana kubwa. Kinyonga uliyemng'oa kwenye tawi lake ukamweka kwenye ua zuri mara nyingi atageuka mweusi mweusi. Ukiiangalia picha hiyo unaona hofu. Naziona mtandaoni, watu wanapongezana, mimi roho inaniuma. Mwache alipo, zunguka wewe.

#32 MamaNdege
Umesema kweli mwanangu. Na wale wanaocheza sauti ya ndege kwenye simu ili dume aje kugombana, wakati wa kuatamia, ni hayohayo. Ndege anaacha kiota kwa ajili ya picha yako.

#33 KijanaWaMitego
Hata kwenye shindano lile la London, 2018 walimnyang'anya mtu ushindi baada ya kugundua mnyama wake, mhanga aliyekuwa kwenye kichuguu, ni wa kukaushwa.

#34 Nakuru_Mkongwe
Si mhanga wa kwetu, ni mla-sisimizi wa Brazili, mnyama mwingine kabisa. Ila kisa ni cha kweli: waamuzi walimlinganisha na mnyama aliyekaushwa wa kituo cha wageni cha hifadhi ileile. Mpiga picha alikanusha, hawakumrudishia.

#35 DerevaMtoWaMbu
Na mimi niongeze la faru, maana ndiye aliyeanzisha uzi. Mkipiga faru, zimeni alama ya mahali kwenye simu na kamera kabla ya kurusha mtandaoni. Wageni hawajui hili, wanarusha palepale. Jangili hahitaji kulipa mpelelezi kama wewe unampa ramani bure.

#36 PotweKilindoni
Kwa upande mwingine, picha mbovu ina kazi yake. Potwe anatambulika kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua, kila mmoja na mpangilio wake. Programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanasayansi wa nyota za kulinganisha nyota angani. Picha yenye ukungu lakini madoa yanasomeka inaingia kwenye kumbukumbu, na samaki anajulikana akirudi mwaka unaofuata. Usifute haraka.

#37 Mwalimu_wa_Mwanga
Simba nao, kwa mistari ya vidoa vya masharubu. Njia hiyo ilielezwa 1970 kutokana na simba wa hifadhi ya Nairobi. Faru wengi huwekewa alama za kukatwa masikioni. @MwanaKaratu masikio yaliyovimba kwenye picha yako, alama zinasomeka?

#38 MwanaKaratu
Hazisomeki. Ndiyo inayoniuma. Yule askari wa getini alitaka kujua ni faru yupi, nikashindwa kumsaidia.

Sasa majibu ya jaribio. Nimefuata mlichosema. Nimetoa kioo cha kinga, nimepiga bango la maandishi barabarani Karatu kwa 600, kwanza karibu kisha kwa mbali sana, asubuhi na mchana, tripodi chini ardhini, hakuna gari.
Karibu: safi saa zote mbili.
Mbali asubuhi: nyingi safi, baadhi zimelegea kidogo.
Mbali mchana: mbovu, herufi zinacheza, na hata kwenye mfululizo mmoja fremu moja inasomeka, inayofuata haisomeki.
Kisha jioni mawingu yalitanda, kuna ubaridi, nikatarajia safi. Za mbali zikatoka zimelegea tena, zote kwa namna moja.

#39 Mwalimu_wa_Mwanga
Ya mchana ni mazigazi bila ubishi, kile cha fremu kubadilika ndiyo saini yake. Wanasayansi wa nyota hupiga picha nyingi za sayari na kuchagua zile chache ambazo hewa ilitulia, nawe fanya hivyohivyo: piga mfululizo mrefu, chagua. Na ardhi haiachi joto mara tu mawingu yanapotanda.

#40 FundiLenzi
Mwalimu usiipite ya jioni. "Zote kwa namna moja." Hewa haiharibu zote sawasawa. Hiyo ni fokasi, ileile niliyoisema post ya pili kabisa. Mwanga ulipungua, mashine ya fokasi ikakosa pa kushika, kosa la lenzi likajitokeza. Arudie kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kitafutio, fokasi ya skrini inasoma sensa yenyewe. Picha zikiwa safi, mshitakiwa ni fokasi.

#41 ZumuTu
Au jioni alishusha spidi. Mwanga ulipungua, ulipiga kwa ngapi mkuu?

#42 MamaNdege
Na kingo ya mbele ya lenzi, ile ya plastiki ndefu? Ikitoka kwenye gari lenye joto huhifadhi hewa ya joto ndani yake. Mimi huiondoa, au naitoa lenzi nje mapema ipoe.

#43 DerevaMtoWaMbu
Boneti pia. Tukitoka kupanda, boneti inawaka. Ukipiga kwa mbele unapiga juu ya boneti yako mwenyewe. Mimi huwageuzia wageni ubavu wa gari kwa mnyama na kungoja. Mkifika Ngoitokitok mtapumzika mpige viboko, wako karibu. Angalieni mwewe wasiwanyang'anye chakula, hapo hawana huruma.

#44 KijanaWaMitego
Mwewe wa Ngoitokitok ndio wapiga mfululizo wa kweli 😀

#45 MwanaKaratu
@ZumuTu jioni ilikuwa 1/500. @FundiLenzi nitarudia kwa skrini Jumamosi, asubuhi na jioni, spidi ileile 1/1600 nipandishe ISO. Kingo ya mbele naitoa pia. Shambalai, nikitaka kupanda Amani baada ya hapo nianzie na lenzi gani?

#46 Shambalai
Lenzi yoyote inayokaribia kitu, hata ya 50 na pete za kuisogeza mbele zinatosha kuanzia. Flashi ndogo na kitu cha kulainisha mwanga wake, maana chini ya ile miti ni giza. Viatu vya mvua, na chumvi ya ruba. Mwongozaji chukua palepale kijijini, wao wanajua tawi analolala kila kinyonga.

#47 FundiLenzi
Ukirudia Jumamosi piga pia kwa 500, usisahau. Na bango liwe lilelile.